Doa Jekundu Kwenye Gia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana anayesimama hapa ni mwanamke aliyekuwa akiogopa gari lililozimwa.

Hapa Gatina mnaniita Mama Mumo. Miaka ile ya tisini, mume wangu Mutiso alipoitwa na Bwana, alituacha mimi na watoto wetu na pikapu moja kuukuu ya dizeli. Shemeji yangu Kioko, aliyekaa Kibera, ndiye aliyeiendesha. Alibeba kabichi na viazi, nasi tukapata unga. Bila pikapu hiyo ilikuwa ni kufunga virago na kurudi Kitui mikono mitupu.

Lakini watu hawanyamazi. Wakasema gari hilo linakula watu. Aliyetuuzia alikuwa amekufa, na sasa Mutiso wangu naye, aliyeugua kidogo tu. "Mama Mumo, hiyo kitu mliuziwa na shida zake," waliniambia tukipanga mitungi ya maji. Ndugu zangu, nilikuwa nimeokoka, lakini woga uliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikipita karibu na pikapu nilikuwa naikusanya sketi yangu isije ikaigusa!

Halafu Kioko akaniambia mkanda wa taiming umeanza kupasuka. Huo ni mkanda wenye meno, umefichwa mbele ya injini, unazungusha gia ya juu pamoja na ya chini. "Shem, hii ikikatika barabarani, injini imekwisha," akasema. Fundi wa gereji hatungeweza kumlipa. Tungeubadilisha wenyewe, hapo uani kwenye ploti. Nikaogopa kuugusa, na nikaogopa kuuacha.

Kwa sababu ya ule woga nilimwita Dada Esta, mama wa maombi, aje atuombee kwanza. Akaomba. Kioko akalegeza bolti, kifuniko kikatoka, nikachungulia. Mungu wangu! Doa jekundu kwenye gia ya juu. Lingine kwenye gia ya chini. Jekundu, chini ya grisi.

"Damu!" Dada Esta akapiga kelele. "Futa hiyo kitu, Mama Mumo! Futa kwa jina la Yesu!"

Ndugu zangu! Niliona jeneza la Mutiso, nikawaona watoto wangu, nikajiuliza ni nani anayefuata. Nikachovya kitambaa kwenye petroli, nikasugua huku nalia na kukemea. Grisi ikatoka. Doa halikutoka! Kadiri nilivyosugua ndivyo lilivyong'aa. Kioko mwenyewe akarudi nyuma na spana yake mkononi. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie afunge, tuiuze kama chuma chakavu, turudi Kitui.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua macho. Lile doa lilikuwa na vimeta vidogo vidogo, na vile vimeta mimi navijua! Ilikuwa rangi yangu ya kucha. Nilikuwa napaka kabla sijaokoka. Nilipookoka nikaiacha, chupa ikapotea, wala sikuitafuta.

"Kioko, hii ni kutex yangu!"

Akasogea, akatazama. Kisha akakaa chini kwenye saruji, mtu mzima, akalia. "Shem, hizi ni alama. Marehemu aliziweka ndio gia zisipoteze mahali pake mkanda ukitoka. Mimi nilikuwa naogopa kukuambia sijui hizo gia zinapangwa aje."

Kumbe tulikuwa waoga wawili! Tukaangalia vizuri, na kila doa lilikuwa na mwenzake kwenye mwili wa injini. Kioko akazilinganisha alama, akavisha mkanda mpya. Kabla ya ufunguo akazungusha injini kwa spana, polepole, tukisikiliza. Gia ikikosea jino moja tu, vyuma vinagongana huko ndani na hatuna kitu tena. Niliomba bila sauti. Hakuna kilichogonga.

"Washa wewe, shem," akasema.

Nikapanda, nikatia ufunguo, nikazungusha. Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikasema basi, nimewaangamiza watoto. Nikajaribu tena. Ikanguruma! Haleluya! Dada Esta alicheza uani mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka kwenye grisi.

Ile chupa tuliikuta chini kabisa ndani ya sanduku la spana la Mutiso. Wewe unayeogopa kitu alichokuachia marehemu, nakusihi, usikimbie na usikitupe. Mwamini Bwana, halafu fungua uangalie. Mimi nilidhani ni damu, kumbe ni mkono wa mume wangu, alitutengenezea njia kabla hajaenda.

Rangi ya kucha sipaki tena, mnajua. Lakini siku ile, kabla kifuniko hakijarudi, nilimwambia Kioko angoje kidogo. Nikafungua chupa, nikazipaka upya zile alama kwa mkono wangu, na aliyenishikia chupa ni Dada Esta. Asante Yesu!