Kidonda Kisicho na Usaha

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama aliyewaita majirani waje kuona usaha.

Alikuwa fundi wa maabara hospitalini. Walimwita Mama Darubini. Maneno ya kuremba hakuwa nayo. Ukichelewesha sampuli alikuambia, "Makohozi hayasubiri umalize chai."

Mwanawe wa pili alikufa kwa nimonia kabla hajatambaa. Akazaliwa binti, na nimonia ikaja tena. Ikatibiwa, ikarudi. Mama Darubini aliogopa kuzika mara ya pili.

Siku moja binti alijikata mguu. Kidonda kilikawia kufunga, ila kilikuwa kikavu. Wifi yake akasifu, "Mwanao ana damu nzuri, wifi. Hata usaha hana."

Mama Darubini akakitazama tena kidonda. Marehemu mwanawe naye alisifiwa hivyo hivyo, kitovu chake kilipokawia kupona.

Kesho yake akaipima damu ya binti na majimaji ya kidonda. Chembe nyeupe, askari wa mwili, zilijaa tele. Kidondoni, karibu hakuna. Akamfuata daktari. "Askari wamejaa kambini, vitani haendi mtu. Kwa nini?"

Wakapeleka damu maabara kubwa, wakangoja pamoja.

Jibu likaja. Bakteria akiingia mapafuni, protini za damu humbandika alama. Chembe nyeupe hutoka mshipani, humkamata kwa alama ile, humla; zikifia kidondoni ndizo usaha. Mikono ya kukamatia huitwa vipokezi, na ndiyo hiyo huzisaidia kutoka mshipani. Binti alizaliwa bila vipokezi hivyo. Narudia, wasikilizaji: askari walikuwepo, mikono haikuwepo.

Kaka yake mkubwa akakubali kumtolea uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe nyeupe.

"Mama, itauma?" kaka akauliza.

"Itauma. Lala."

Miezi ikapita. Binti akaanguka, akachubuka goti, goti likatunga usaha. Mama Darubini akagonga mlango hadi mlango. "Njooni muone."

Wifi akachungulia. "Sasa huu nao ni wa kuitia watu?"

"Ni askari hao, wifi. Wamefika."

Binti, sasa mtu mzima, anatuambia, "Hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona mama akilia."

Mama Darubini amefariki wiki hii, kwa maradhi ya moyo. Binti ndiye aliyemfumba macho.

Poleni binti, kaka na wifi. Nawe unayetusikiliza, jioni ya leo mtazame mwanao vizuri. Akiugua kifua kila mara, na kidonda chake kisipopona, usikisifu kwa usafi. Mpeleke hospitali, uulize askari wako wapi.