Kheir Haroub, Aliyewahesabu Paa Nunga kwa Mataya Yao

Bismillahi Rahmani Rahim. Khitma imekwisha na kahawa inakuja. Kabla haijafika, nyinyi mliomo ndani na mliojaa barazani mpaka njiani, tunakuombeni mkae na marehemu wetu kidogo. Karatasi mlizogaiwa zina maneno haya haya. Asiyeona vizuri asikilize tu. Yameandikwa na ami yake, Muslim Kheir.

Marehemu Kheir Haroub Kheir alizaliwa Mkokotoni tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa Haroub Kheir na Bi Riyama. Baba yake alikuwa msasi, katika wale wanaoingia maweni, kwenye msitu wa mawe, na nyavu na mbwa. Kheir alikuwa na miaka tisa alipopewa wavu aushike. Paa nunga akaja mbio akanasa. Huyu ni yule paa mdogo mwekundu, mwenye mkanda mweupe mapajani, mzuri kweli; anayemwona mara moja hamsahau. Kheir alimlalia asitoroke. Paa akampiga teke la mdomo, meno mawili ya mbele yakaruka. Baba yake akamchinja paa pale pale, huku mtoto bado kamkumbatia, damu ya huyu na ya yule zikamwagika juu ya kanzu moja. Bi Riyama alipomwona mlangoni akapiga ukelele mtaa mzima ukatoka. Kheir akamwambia, "Mama usilie, paa ndiye aliyekufa." Tangu siku hiyo akaitwa Kheir Pengo, na mwenyewe akiitika.

Alisoma chuoni kwa maalim wake akahitimu, na skuli akafika kidato cha tatu. Hesabu alizipenda. Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa mlinzi wa misitu, baadaye akasomeshwa kazi ya takwimu za wanyama. Kazi yenyewe, alivyotueleza sisi watu wa nyumbani, ni kutafuta mnyama fulani wamebaki wangapi, wanazaa kiasi gani na wanakufa kwa nini. Habari hizo hupelekwa kwa wataalamu wanaopima kila mnyama wa dunia hii yu karibu kiasi gani na kutoweka. Chui wa Unguja alimtaja mara nyingi. Alisema kila mzee unayemuuliza ana hadithi ya chui, lakini alipokuwepo hakuna aliyemhesabu.

Kazi hiyo haikumpokea vizuri. Mwaka 1996 wasasi walimkuta peke yake akifuata nyayo za paa, wakamdhania mpelelezi. Walimpiga kwa magongo, wakamkata panga la bega la kushoto, wakamwacha chini ya mchongoma. Alitambaa mpaka barabarani. Askari walimuuliza hospitali nani kamfanyia vile. Akasema, "Kulikuwa na vumbi." Walirudi mara tatu, na mara zote vumbi ni lile lile.

Bega lilipopona alikwenda kwa mkubwa wa wasasi, Bwana Mkadam Ali, ambaye alijua kuwa panga lile lilitoka kwa watu wake. Akamwambia, "Sikuja kudai kitu. Kila mnyama mtakayemuua, nileteeni taya lake na mniambie alipofia. Jina la mtu silitaki. Silitaki leo wala nikiwa nakufa."

"Wataka taya ukafanyie nini, Pengo? Ujipachike?" Bwana Mkadam alimuuliza, na watu wakacheka.

"Yananienea, lakini mke wangu atanikimbia."

Ahadi ilishikwa hivyo. Meno ya mnyama husagika kwa miaka, na kwa taya tu Kheir alijua huyu mkongwe, huyu ndiyo kwanza anaacha ziwa. Mwaka 2003 aliwaita wasasi akatandaza mkeka, akayapanga mataya yote ya mwaka ule juu yake. Karibu yote yalikuwa na meno ya utoto.

"Mnaona?" aliwaambia. "Mnakula wajukuu. Babu zao mshawamaliza."

Bwana Mkadam aliokota taya moja dogo akalizungusha kiganjani. Ndipo wasasi wenyewe walipokubali upande wa mashariki wa msitu ufungwe, na baadaye serikali ikauandika kuwa umefungwa. Mwenye kuingia hapo na mbwa hukamatwa.

Kheir alimuoa Bi Zeyana Hamoud wa Jang'ombe tarehe 2 Agosti 1992, na nyumba hii tuliyomo ndiyo waliyoijenga. Bi Zeyana anasema mataya yalikaa chumbani kwake miaka, ndani ya makapu, na wageni wa arusi ya mwanawe waliyakuta uvunguni wakadhani nyumba ina mchawi. Marehemu alitoka akawasomesha mmoja mmoja. Pilau likapoa.

Sasa tunafika pazito, na mtoto wa tumbo jepesi atolewe.

Tarehe 24 Februari mwaka huu wa 2024, wasasi walikuwa upande ulio wazi. Mbwa mmoja akaharibika akili. Aliurarua wavu, akamrukia mbwa mwenziwe akampasua tumbo, kisha akakimbilia upande uliofungwa, na watu watatu wakamfuata. Kheir alikuwemo humo akisoma nyayo. Mbwa akamwingia kwa mkono wa kulia akautafuna mpaka mfupa ukaonekana. Bwana Mkadam alimpiga mbwa yule kwa rungu la mchongoma mpaka kichwa kikawa hakina umbo. Katika vurugu hilo Bwana Mkadam alichanika vidole, wa pili alirushiwa mate machoni, na wa tatu aling'atwa kigimbi cha mguu. Wa nne ni Kheir mwenyewe.

Walikwenda kisimani. Bwana Mkadam ndiye aliyemmiminia maji. Walikosha jeraha mara saba, moja kwa udongo, kama sisi sote tulivyofundishwa kuondosha najisi ya mbwa. Na wote wanne wakaona basi, yamekwisha.

"Twende hospitali, Pengo," Bwana Mkadam alimwambia.

"Nikienda wataniuliza mbwa wa nani na alikuwa wapi. Nyinyi mtafungwa, mbwa watapigwa risasi, na mimi sitaletewa taya tena. Nshatahirika. Funga kitambaa."

Nyumbani alisema kakatwa na mabati.

Jumatatu tarehe 6 Mei alishika birika atawadhe, maji yakamkaba kabla hayajafika mdomoni. Akalitupa birika ukutani. Kufika magharibi alishavunja mlango, na wanaume sita walimfunga kitandani kwa shuka, mtu ambaye hajapata kumnyanyulia mkono hata kuku wa jirani. Daktari aliyeletwa alimuuliza Bi Zeyana, "Aling'atwa na mbwa?"

"Hasha. Alikatwa na bati."

Usiku ulipita kwa makelele. Alfajiri akatulia akili zikamrudia. Akamwita mwanawe Thuwaiba, ambaye ndiye aliyeshika kazi yake.

"Naam, baba."

"Walikuwa watatu. Nnakupa majina yao."

"Baba, uliahidi."

"Nnajua nilivyoahidi. Kukosha hakutoshi, mwanangu, maji yametudanganya. Wape sindano kabla kichaa cha mbwa hakijawaanza."

Akayataja yote matatu. Mtu aliyekatwa panga akanyamaza, aliyeulizwa na askari mara tatu akasema vumbi, alivunja ahadi yake kwa roho za watu. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya laasiri.

Ameacha mjane, Bi Zeyana, watoto wawili, Thuwaiba na Hisham, dada yake, Bi Kazija, wajukuu wanne, na paa wa upande wa mashariki, ambao idadi yao Thuwaiba atakupeni mama yake akimaliza eda.

Bwana Mkadam amekwenda hospitali na kachanjwa, na mwenziwe aliyerushiwa mate pia. Wenyewe wameruhusu tuyaseme haya. Wa tatu hajaenda. Jina lake tunalo, na hatukuliandika. Ahadi aliyoivunja Kheir kwa dharura sisi hatutaivunja kwa karatasi. Lakini wewe mwenyewe unajijua, na kigimbi chako unakijua. Tumeambiwa umekuja. Gari iko nje mbele ya duka la Wanu, na ndani yake yumo Bwana Mkadam peke yake. Hamna askari. Daktari kasema hujachelewa maadamu bado unakunywa maji.

Kahawa inapita sasa. Atakayeinuka asitazamwe.

Mola amrehemu Kheir, amlaze mahali pasipo na mbwa wala magongo. Nawe, mwanangu, inuka.