Yuants Bolmna, Mtunza Manyoya ya Ukoo

Baba Padri, wazee wa ukoo, wajomba zetu mliovuka mto Wahgi tangu alfajiri, nanyi nyote mliokaa nasi kwenye matope haya, mimi ni Tepi, binti wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya baba yetu, na mwenyewe aliagiza yasomwe yote, hata yale ya kutia kinyaa.

Marehemu Yuants Bolmna alizaliwa hapa hapa, mlimani juu ya mji wa Minj, mwaka 1949 kwa hesabu ya misheni, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bolmna na mama Kopnga, akifuatiwa na mdogo wake Kanant, ambaye namwona amesimama kule kwenye uzio. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1962, akaacha akiwa darasa la nne, baba yake alipougua na kumwita nyumbani amkabidhi manyoya ya ukoo, ile mikia mirefu myeusi na mashada mekundu ya ndege wa paradiso, ambayo babu zetu waliyapata kwa kubadilishana nguruwe na watu wa msituni.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa kahawa na manyoya, kahawa ilitulisha, manyoya yakampa jina, kwani aliyaviringisha kwenye majani makavu, akayatia ndani ya mianzi, akaitundika juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse, na kila siku ya ngoma yeye ndiye aliyemvalisha kila mchezaji, maana kwetu manyoya yakikosa kung'aa, watu husema ukoo umeficha uovu.

Tarehe 12 Agosti 1972 alimwoa mama yetu Wando, wakajaliwa watoto wanne, yaani mimi, Goi, Aipe, na Mek aliyetutoka mwaka 1988 kwa malaria.

Mwezi Julai mwaka 2013 Kanant, aliyekuwa akiishi mjini Mount Hagen, alikuja kuazima manyoya, akisema ni ya harusi ya binti wa shemeji yake, na marehemu akampa bila swali, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Alipoona kimya alimfuata mjini, akayakuta manyoya kwenye baa ya hoteli alikofanya kazi Kanant, wamevalishwa wahudumu, na walevi wa meza moja wakipokezana taji la manyoya alilolivaa babu yetu mzee Bolmna, hadi mmoja akalitapikia, akajifuta mdomo kwa mkia ule mweusi, wenzake wakashangilia. Marehemu alitoka nje kutema mate, Kanant akamkimbilia, "Kaka, usiniaibishe mbele ya bosi, hayo ni manyoya tu, nitayafua kwa sabuni," naye akamjibu, "Na kichwa cha baba kilicholivaa taji lile, utakifua kwa sabuni gani?" akarudi ndani, akaliokota, akayakusanya na mengine, akarudi nayo nyumbani.

Manyoya yalioshwa, yakaanikwa, yakarudishwa kwenye moshi, lakini harufu haikutoka. Tarehe 9 Novemba mwaka huo ukoo wetu ulikuwa ucheze mbele ya wajomba kwenye karamu ya nguruwe, wazee wakamsihi, "Yuants, yapake mafuta tu, nani atajua?" naye akasema, "Nitajua mimi. Siwezi kuwavika watoto matapishi nikayaita urembo." Vijana wakacheza na majani vichwani, kisha yeye akalivaa taji lile, akaingia uwanjani peke yake, manyoya yamegandamana kama ya kuku aliyelowa. Mjomba mmoja akapaza sauti, "Ninyi mmeficha nini?" naye akasimama, "Hatufichi, sogeeni mnuse, kisha mwulizeni mdogo wangu." Kanant aliondoka kabla nyama haijatolewa kwenye shimo la kuokea, na wajomba, ambao wazee waliogopa watatususia, walikaa wakala nasi. Kesho yake marehemu alilizika taji lile nyuma ya choo.

Alianza kukohoa Machi 2021, mapafu yakiwa yamechoshwa na moshi wa miaka yote ile, akalazwa tarehe 2 Juni 2022. Kanant alikuja wodini mara moja, mkononi ana taji la manyoya ya plastiki, akamwambia, "Kaka, vaa basi nikupige picha, watu wakukumbuke," marehemu akageukia ukutani, akamwomba nesi beseni la kutapikia. Alifariki alfajiri ya tarehe 17 Juni 2022.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakulima wenzake wa kahawa, na majirani waliochimba kaburi kwenye mvua bila kuitwa.

Baba mdogo Kanant, wazee wameniletea ombi lako la kutia udongo kaburini. Mimi ningekukatalia, hilo nalisema mbele ya watu, ila marehemu aliagiza usizuiwe, mradi unawe mikono kwanza. Ndoo ya maji iko pale langoni.

Haya baba, lala, umeshatoka katika uchafu wetu.