Cheti cha Nidhamu na Jina la Dada Pindo

Risala ya Kundi la Sataranji Mtandaoni la Ngome Mbili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ligi ya Sataranji Mtandaoni. Mwenyekiti wetu wa kundi. Wanachama mliomo ukumbini na mnaotusikiliza kwenye simu. Majirani mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi: salamu kwenu nyote.

MAKARIBISHO

Karibu sana, Mheshimiwa. Kwa miaka sita tumekuwa tukikuona kwenye skrini kuanzia mabegani kwenda juu, na leo tumefurahi kukuona mzima mzima. Chumba hiki kiko juu ya duka la vifaa vya umeme, lakini usishangae kwamba feni moja haifanyi kazi. Mwenye duka anasema kesho. Amesema kesho tangu tuhamie.

Tunaomba ukae vizuri, maana risala hii ni ndefu kuliko ile tuliyokutumia wiki mbili zilizopita. Ile ilikuwa ya shukrani, na ilikuwa na ukurasa mmoja. Niliiandika mimi katibu kabla kundi halijakaa kikao. Kikao kilipokaa, kiliichana. Hii ndiyo tuliyokubaliana.

HISTORIA YA KUNDI

Mgeni rasmi, kundi hili lilianzia kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi wetu, ambaye amekaa pale nyuma, alikuwa akibandika simu yake kwenye kioo ili afuatilie mashindano makubwa ya sataranji huku akinyoa. Wateja wakaanza kubishana naye. Mmoja alitoka na upara nusu kwa sababu malkia wa mtu fulani, nchi ya mbali huko, alikuwa hatarini. Siku hiyo wanne walifungua akaunti. Leo tuko thelathini na mmoja: manesi, madereva, mpishi wa hoteli, mwalimu mstaafu, na mimi ninayepima macho na kuuza miwani.

Si wote wanaocheza. Wapo wanaofuatilia tu, na hao ndio wenye kelele zaidi. Yupo Bibi Daftari, mpiga chapa mstaafu, ambaye hajawahi kusogeza hata askari mmoja kwenye ligi yako, lakini ameandika kwa mkono kila mchezo wa kila mwanachama, hatua kwa hatua, kwenye madaftari ya shule. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Hiyo mitambo yenu ikizimika, nani atakumbuka?"

Na yupo Dada Pindo, fundi cherehani, mlango wa nne kutoka hapa. Tunamwita hivyo kwa sababu mapindo yaliyowashinda mafundi wengine huishia kwake. Alikuja siku moja kumrudishia kinyozi aproni, akatupia jicho simu iliyokuwa kwenye kioo, akasema, "Huyo mwenye nyeupe akiitoa ngome yake iliwe, mwenzake kwisha." Watu wakacheka. Hatua tatu baadaye nyeupe akaitoa ngome, na mwenzake akawa kwisha. Kinyozi akamzuia mlangoni. "Dada, umejifunzia wapi?" Akasema, "Kwa marehemu baba. Kwani nyie mnajifunzia wapi?"

Tukamfungulia akaunti siku hiyo hiyo.

MAFANIKIO

Tulianza daraja la nne la ligi. Sasa tuko daraja la kwanza, nafasi ya pili. Hayo ndiyo mafanikio. Mengine yalikuwemo kwenye ile risala iliyochanwa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni moja, na ilianza Jumamosi ya raundi ya saba.

Siku hiyo Dada Pindo, anayetushikia meza ya nne, alipangiwa mchezaji ambaye mwaka huu hakuwa amefungwa na mtu. Alicheza kutoka chumba chake cha kazi, kamera ikiwa juu ya rafu ya nyuzi, kama sheria zako zinavyotaka. Hatua ya ishirini na sita aliitoa ngome yake bure. Sisi tuliokuwa tukifuatilia tulishika vichwa. Mpishi aliandika kwenye kundi, "Dada amechoka, tumwombee." Hatua ya thelathini na moja mpinzani alisalimu amri. Mheshimiwa, kelele tulizopiga zilimfanya mwenye duka la chini apande kuuliza kama kuna moto.

Jumatatu ikaja barua ya Ligi yenye sahihi yako. Ilisema kwamba macho ya mchezaji yaliondoka kwenye skrini mara arobaini na tatu. Kwamba mikono yake ilikuwa chini ya meza muda mwingi. Kwamba hatua ya ngome inalingana na ile ambayo programu ya kompyuta ingechagua. Kwa hiyo ushindi umefutwa, akaunti imefungwa, na pembeni ya jina lake limewekwa neno MDANGANYIFU kwa rangi nyekundu, ambalo mtu yeyote duniani mwenye simu anaweza kulisoma. Tukaambiwa pia kwamba kundi lina saa arobaini na nane kujitenga naye, la sivyo tunashushwa daraja.

Sasa tunafika mahali ambapo mimi katibu ningependa mtu mwingine asome, lakini wamekataa.

Kamati yetu ya watu watano ilimpigia Dada Pindo. Mimi ndiye niliyezungumza. Nilimsomea barua yako yote. Cherehani yake ilikuwa ikisikika, kisha akaisimamisha.

"Katibu," akasema, "mnaniuliza au mnaniambia?"

Nikasema, "Dada, tuna saa arobaini na nane."

"Nimesikia. Nimeuliza, mnaniuliza au mnaniambia?"

Mgeni rasmi, hatukumuuliza. Katika watu watano, hakuna hata mmoja aliyesema, "Dada, mikono ilikuwa inafanya nini?" Mimi, ambaye kazi yangu ni macho ya watu, nilikubali kwamba macho yanayoangalia chini ni macho ya mwizi. Tulipiga kura, wanne kwa mmoja, na huyo mmoja ni nesi, mwenyekiti wetu, aliyetuambia tutajuta. Nikamtoa Dada Pindo kwenye kundi kwa kidole changu mwenyewe. Nikakuandikia kwamba tumetekeleza. Ulijibu baada ya dakika sita. Ndiyo barua pekee uliyowahi kutujibu haraka.

Siku ya kumi na saba baada ya hapo Bibi Daftari aliingia dukani kwangu na mfuko wa madaftari. Nikamvutia kiti cha kupimia macho.

"Sijaja kupimwa," akasema. "Nimekuja kukupima wewe. Soma hapa. Kwa sauti."

Nikasoma. Ulikuwa mchezo wa Dada Pindo wa miaka mitatu iliyopita. Ameitoa ngome mahali pale pale, amefungwa. Akafungua daftari jingine: ameitoa ngome, amefungwa. Jingine, hivyo hivyo. Mara tisa, Mheshimiwa, katika miaka mitatu, akibadilisha kitu kidogo kila mara: mara farasi amesogea kwanza, mara askari wa pembeni. Mara ya kumi, raundi ya saba, ikakubali.

Bibi Daftari akafunga daftari. "Haya, mtaalamu. Niambie ni kompyuta gani hii inayopigwa mara tisa kabla haijajua kazi yake."

Akaongeza, "Na wewe mwanangu, miwani yako ibadilishe."

Jioni hiyo tulikwenda kwa Dada Pindo watu sita, tumebeba ubao wa mbao. Tulimkuta anashona gauni la harusi, mapajani amejaza kitambaa. Hakusimama. Mwalimu mstaafu akapanga kete mezani, akamwomba mchezo mmoja. Akacheza huku anashona. Anatupa jicho ubaoni, anasogeza kete, anarudi kwenye sindano. Mikono chini ya meza, macho chini. Sisi sita tumesimama pale kama waliomwagiwa maji baridi, maana kila kitu kilichoandikwa kwenye barua yako kilikuwa kinatendeka mbele yetu, na hakuna kompyuta mle ndani isipokuwa cherehani ya kukanyaga. Mwalimu alifungwa. Akakaa nesi, akafungwa. Nilikaa mimi. Tuyaache.

Nesi ndiye aliyeuliza, kwa kuchelewa, swali letu. "Dada, kwa nini huangalii ubao?"

"Nikiukodolea macho naogopa," akasema. "Nikishona, unakaa kichwani wote, umetulia. Baba alikuwa anacheza huku anasuka mikeka. Hakuna aliyemwita mwizi."

Tukamwomba radhi, mmoja mmoja. Alitusikiliza wote. Akasema, "Chai mtakunywa. Nyie nimewasamehe, ni majirani zangu, nitafanyaje. Lakini lile neno bado liko kule. Juzi mteja amenitania, 'Dada, na vipimo vyangu umevipata kwa kompyuta?' Nikacheka naye. Alipotoka nikakuta mkono wa kushoto nimeushonea kulia. Kazi ya miaka ishirini na mbili, sijawahi kukosea mkono."

Mgeni rasmi, tulianza kukuandikia kesho yake.

Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine: rufaa yenu imepokelewa. Ya pili ilijibiwa na mashine ile ile, kwa maneno yale yale, mpaka kosa la herufi. Ya tatu tuliambatanisha picha za kurasa zote za Bibi Daftari. Tukaambiwa madaftari hayakubaliki kwa sababu hayakutoka kwenye kompyuta. Hapo tulicheka mpaka tukakasirika. Maana yake, mtu anayetuhumiwa kusaidiwa na kompyuta hawezi kujitetea mpaka asaidiwe na kompyuta.

Ya nne ilijibiwa na binadamu. Tunafurahi kuwataarifu, ilisema, kwamba baada ya uchunguzi wa kina mchezaji wenu amesafishwa tuhuma zote. Tulishangilia hadi tulipofika kwenye jina. Aliyesafishwa ni kinyozi. Kinyozi hajatuhumiwa na mtu. Kinyozi hajashinda mchezo hata mmoja tangu mwaka uanze, na angeshinda tungemshuku. Tulipoandika kusahihisha, tukajibiwa kwamba kila kundi lina haki ya rufaa moja kwa msimu, na yetu imetumika, tena kwa mafanikio.

Kisha, Mheshimiwa, ikaja barua nyingine, ambayo hatukuiomba. Kwamba Ngome Mbili imechaguliwa kupokea Cheti cha Nidhamu Bora, na wewe mwenyewe utakuja kutukabidhi. Sababu imeandikwa kwa maandishi ya dhahabu, tumeiona kwenye picha: "kwa kuchukua hatua za haraka dhidi ya mwanachama mdanganyifu".

Ndicho hicho kilicho kwenye bahasha magotini mwako.

MAOMBI

Maombi yetu yalikuwa tisa. Nesi ameyapunguza.

Tunaomba neno lile jekundu liondolewe, na Dada Pindo aandikiwe barua yenye jina lake, lake yeye na si la kinyozi, ikisema kwamba hakudanganya na kwamba hakuulizwa. Isiandikwe na mashine.

Tunaomba sheria ibadilishwe ili mchezaji aulizwe kwanza, na binadamu, kabla jina lake halijaguswa. Hata swali moja. Sisi lilitushinda, kwa hiyo tunajua lilivyo gumu.

Na tunaomba, kwa heshima zote, urudi na cheti chako. Hatuna ukuta wa kukitundika. Tumejaribu kuutafuta, na kila ukuta wa chumba hiki unapakana na mtu anayemfahamu Dada Pindo.

Tunafahamu kwamba Jumamosi ijayo ni raundi ya mwisho. Kikao kimeamua kwamba meza ya nne hatutamweka mtu. Tutacheza pungufu, tutapoteza alama, na huenda tukashuka kutoka daraja lile lile tulilomtoa mwenzetu ili tusilipoteze. Uamuzi huu umepita kwa kura zote. Safari hii nilipiga kura nikiwa nimemwangalia Bibi Daftari, na yeye alikuwa akiandika.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Dada Pindo hayumo ukumbini. Tulimwalika, alisema ana gauni la kumaliza. Tulimsomea risala hii jana akiwa kazini. Pale palipokuwa na sifa zake alitukataza, tukafuta. Pale palipokuwa na makosa yenu alisikiliza tu. Nilipotaka kuruka ile sehemu ya simu, akasimamisha cherehani. "Isome na hiyo," akasema. "Kama mnasoma yao, someni na yenu." Ndiyo maana umeyasikia.

Hatuahidi kwamba atarudi kucheza kwenye ligi yako. Hatuahidi hata kwamba atakupokea vizuri. Lakini mlango wake uko wazi mpaka saa kumi na mbili, na kuna benchi la wateja. Ukitaka kumuuliza lile swali mwenyewe, tutakusindikiza sote. Ukiona haifai, tutakusindikiza hadi kwenye gari lako, bahasha tutakubebea sisi, na tutakutakia safari njema kwa moyo mmoja.

Mungu akupe masikio mapana na kalamu nyepesi, ailinde Ligi dhidi ya wadanganyifu wa kweli, na atusamehe sisi tuliokuwa na haraka.

Ni sisi, wanachama thelathini na mmoja wa Ngome Mbili, pamoja naye.

Imesomwa na katibu, aliyemtoa.