Mama Anne Kayitesi, Mwenye Alipelekaka Neno Nyumbani

Mama Anne Kayitesi, sekretere wa Baraza ya université yetu ya milima hapa Nyabiondo, anaingia retraite, anapumzika kazi, tarehe 31 mwezi wa saba mwaka huu, nyuma ya miaka makumi tatu na moja ya kazi. Alifika akiwa assistant kijana, kitambaa ya kijani kwa kichwa, sauti yake inasikika mpaka kwa barabara. Anatoka akiwa na wajukuu, na sauti imeshuka.

Programu hii ya sherehe ya kumuaga ilitakiwa kuandikwa na mwalimu mumoja wa kifaransa. Wafanyakazi walikatala, na mimi nilikatala kupita wote. Ninaitwa Papa Sébastien, fundi mbao wa chuo na délégué, mwenye kusemea wafanyakazi ndani ya Baraza. Masomo yangu iliishia darasa ya tatu, lakini mutafute katika Masisi yote fundi mwingine mwenye anakaa na maprofesa kwa meza moja. Na ile meza, njo mimi niliichonga, kwa mbao nyekundu ya pori ya Walikale. Mpaka leo haitikisiki, hata siku maprofesa wawili wanaipiga ngumi pamoja.

Kwa mugeni mwenye hajui: Baraza njo inatunga sheria za chuo, na njo inaziangalia tena wakati zimezeeka. Ndani yake kuko walimu, wafanyakazi, wanafunzi, na walimaji wa milima yenye ilitoa udongo ya kujenga chuo. Recteur, mukubwa wa chuo, njo anaongoza. Sekretere hapigi kura, lakini analinda utaratibu, na bila yeye hakuna neno inapita.

Zamani haikukuwa vile. Zamani maprofesa walikaa peke yao asubui moja, wakasema njia yenye inapita katikati ya shamba ya chuo ifungwe, juu watu wanakanyaga maharagi ya majaribio. Sahihi, muhuri, imeisha. Hakuna mwenye aliuliza ile njia inaenda wapi. Ilikuwa inaenda kwa chemchem ya maji.

Kesho yake wamama wa mulima, wakiwa wanarudi na maji, walikuta miti imefunga njia. Mbele yao alikuwa Mama Mukandori, mwenye leo ni délégué wa walimaji. Alizunguka nyumba ya chuo na bidon yake ya maji kwa kichwa, akaingia kwa mulango ya mbele ya biro ya Recteur wa wakati ule, akasalimia kwa heshima, akatokea kwa mulango ya nyuma. Wengine wakamufuata, mustari murefu, kila mumoja anasalimia, maji inadondoka kwa makaratasi. Recteur alisimama pale akitafuta katika kichwa yake sheria yenye inakataza muntu kusalimia. Haikukuwa.

Siku ile Mama Anne, bado mugeni kwa kazi, alisimama katika kikao akasema kwamba mbele ya kukata neno, neno iende kwanza nyumbani. Hakuitoa kwa kitabu. Aliitoa kwa baba yake, mulimaji wa Kalembe. Kule wakigawanya shamba, jambo haimalizwi siku yenye ilifunguliwa. Kila muntu anaibeba kwake, anaambia bibi yake, anaambia wazee, analala, kiisha anarudi na jibu. Maprofesa walicheka. Kiisha waliitika, juu biro ilikuwa ingali na maji.

Njo vile ilianza. Tangu ile siku kila neno mupya inasomwa katika Baraza, kiisha inapanda milima: Nyabiondo, Kalembe, mpaka tawi yetu ya Itebero, kule ndani ya pori. Na jibu yenye inatoka siku ileile neno imefika, Mama Anne hakuihesabu. Kwake ile haikukuwa jibu, ilikuwa muntu kuitika kwa mudomo.

Mimi mwenyewe alinirudisha. Tulikuwa tunaangalia tena saa za kazi wakati wa kupanda maharagi. Nilitoka kikao asubui, mangaribi nikarudi kumuambia wafanyakazi wote wameitika. Akauliza ni wafanyakazi gani. Nikamuambia niliuliza wale wenye akili, maana yake mimi na mulinzi wa mulango. Alicheka mpaka kitambaa ikaanguka, kiisha akanituma tena nizunguke. Nilizunguka. Jibu ilirudi ileile vile nilisemaka tangu mwanzo, na muandike hapo kwamba nilikuwa na haki. Lakini wapishi walifurahi kuulizwa, na tangu siku ile wananipa ugali ya moto.

Mama Anne alikuwa na kengele ya ngombe juu ya meza yangu. Profesa akipitisha wakati yake, anapigiwa kengele kama ngombe yenye imeingia shamba ya wenyewe. Na kama muntu anasoma sheria kwa kifaransa ya juu sana, Mama Anne alimusimamisha, akamuomba aseme tena sawa vile anaelezea mama mukwe wake. Wengine walishindwa. Sheria yao ikarudi kwa kabati.

Kwa njia ile Baraza ilifanya mambo yenye hakuna mwenye alingojea. Chemchem ilipata njia yake, na njia ile iko mpaka leo. Mwanafunzi mwenye amezaa anangojewa kwa examen, mutihani ya mwaka. Walimaji wanachagua pamoja na walimu mbegu gani ya muhogo itajaribiwa kwa mulima yao. Watu walitoka mbali kuja kuona vile profesa na mulimaji wanapinga neno moja bila kutukanana. Vizuri, walitukanana kidogo. Lakini walirudi kikao yenye ilifuata.

Sasa niseme ile yenye sisi wote tunajua.

Chuo ilikuwa na sheria ya zamani: mwanafunzi mwenye hajibu jina yake hapa Nyabiondo siku ya kwanza ya examen, amepoteza mwaka. Wakati barabara ilikuwa muzuri, sheria ile haikuumiza muntu. Kiisha vita ilizidi, watu wakakimbia, barabara ya Walikale, yenye inaenda Itebero, ikawa ya bahati. Mwaka jana Baraza ilileta neno mupya, kwamba wakati njia imefungwa, examen ya wanafunzi wa Itebero ifanyiwe kulekule Itebero. Neno ikaenda nyumbani. Nyabiondo ikaitika, Itebero ikaitika. Kalembe ikabaki kimya, juu watu wake walikuwa wametawanyika.

Recteur wetu, Papa Hubert, aliomba tupige kura bila Kalembe. Mama Anne akakatala. Kalembe njo kwao, na alisema wenye wamekimbia njo hatuwezi kuwaruka. Baraza yote iliona ni haki. Hakuna mwenye aliuliza, katika meza nzima, sheria ya zamani itakuwa inafanya nini wakati mupya ingali njiani.

Ilikuwa inafanya kazi yake tu. Siku ya examen ikakaribia, na wanafunzi wa Itebero wakashika njia kwa miguu, juu hawakutaka kupoteza mwaka. Kati yao kulikuwa Gentille, binti ya Papa Pierre wa Itebero, wa mwaka ya mwisho, mwenye alikuwa anasoma ugonjwa ya majani ya muhogo. Mvua ilikuwa imebeba kivuko ya muto. Wenzake walivuka kwa kushika kamba. Yeye alishika kamba nyuma yao, na maji ikamubeba. Hawakumupata.

Hapa Nyabiondo hatukujua. Asubui ya examen jina yake iliitwa, haikujibiwa, ikapigwa mustari. Muntu mwenye amekufa, sheria yetu ikamupotezesha mwaka. Kesho yake wenzake walifika na mufuko yake, ndani muko vijiti vya muhogo vyenye alikuwa anavileta kwa mwalimu, vimefungwa katika majani ili visikauke.

Nyuma ya siku chache jibu ya Kalembe ilifika. Waliitika wote.

Tangu pale Mama Anne hakugusa kengele. Maprofesa walisema vile walitaka, bila mwisho, na hakuna mwenye alifurahi. Alikuwa anakuja mapema mbele ya wote, anakaa, anaweka mikono juu ya meza. Watu walimuambia si yeye, ni vita, ni mvua. Aliwasikiliza kwa adabu.

Halafu mwezi wa tano mwaka huu, aliomba ruhusa ya kuleta neno yake mwenyewe. Katika miaka yote hakuwahi kuleta hata moja. Ilikuwa fupi: neno mupya ikiwa njiani kuenda nyumbani, sheria yenye inaangaliwa isimame; isiazibu muntu mpaka majibu yote irudi. Papa Hubert, roho yake muzuri, akasema tuipige kura palepale, iwe zawadi yetu kwake mbele ya retraite. Mama Anne akakatala zawadi. Akasema nayo iende nyumbani sawa zingine.

Tuliogopa. Hesabu ilikuwa mbaya: neno ya examen ya Itebero ilikuwa ingali njiani, juu maprofesa, bila kengele, waliibadilisha na ikapaswa kupanda milima tena. Examen ingine iko mwezi wa nane, na Baraza haikai tena mpaka mwezi wa tisa. Neno isipopita mbele ya Mama Anne kutoka, watoto wa Itebero watashika tena njia ileile, kwa muto uleule.

Nyabiondo ilijibu. Kalembe ilijibu, safari hii mbio, watu wake walitafutana mpaka katika kambi. Itebero kimya. Mwenye kupeleka neno kwa pikipiki alikuwa amezuiwa njiani. Tukafika kikao ya mwisho, juma yenye imepita, bila jibu yao.

Katikati ya kikao simu ya Papa Hubert ikalia. Ilikuwa Papa Pierre, baba ya Gentille, mwenye anasemea walimaji wa Itebero. Alikuwa amepanda mulima fasi kuko réseau ya simu. Papa Hubert akaweka simu katikati ya meza yangu, sauti wazi, akamuuliza neno iliwafikia lini.

"Leo asubui," akasema Papa Pierre. "Na tumeitika."

Jibu ya siku ileile. Papa Pierre naye alijua, juu yuko katika Baraza miaka mingi, na akaongeza bila kuulizwa:

"Hatukuibeba nyumbani, Mama Anne. Tuliitika tukiwa tumesimama, mvua inatunyeshea."

Wote tukamugeukia. Mimi ninamujua Mama Anne kupita profesa yeyote, na nilijua atasema hapana. Alikuwa ameirudisha jibu ya maaskofu, ya wakubwa wa serikali, hata yangu. Alisogeza kiti yake kwa ile simu. Kiisha akainama karibu nayo.

"Papa Pierre, wamama walikuwako?"

"Walikuwako. Mama ya Gentille njo aliitika wa kwanza."

Mama Anne akaongea na assistant wake, pole, bila kumuangalia.

"Andika. Itebero imejibu."

Kura ikapigwa. Mukono yangu katika Baraza inajulikana kwa kuchelewa, juu mimi sipendi kuitika kitu yenye wengine wameshaitika. Siku ile ilikuwa ya kwanza kupanda. Mama Mukandori anaambia watu kwamba yake njo ilikuwa ya kwanza. Anadanganya.

Neno ilipita. Hakuna mwenye alipiga makofi. Mama Anne alichukua kengele ya ngombe, akaitia ndani ya kitambaa ili isilie, akamupa Mama Mukandori ailinde.

Utaratibu wake una mwisho yenye watu wengi wanasahauka: neno ikikatwa, muntu wa Baraza anairudisha kwa wale wenye waliijibu, anawasomea uso kwa uso. Papa Hubert alitaka kutuma kijana. Mama Anne akasema kwa Itebero atapeleka yeye mwenyewe, siku yake ya kwanza ya retraite. Tulimubishia. Nilimubishia kupita wote, na musifikiri nimeshindwa mara nyingi katika maisha yangu. Safari hii nimeshindwa. Papa Pierre atamungojea kwa muto, na kamba mupya.

Hatuna kaburi ya Gentille. Basi nilichukua kipande ya mbao yenye ilibaki wakati nilichonga meza ya Baraza, nikachonga musalaba, na jina yake juu. Nilikata kila herufi mimi mwenyewe, pole pole, na mwalimu wa kifaransa aliangalia akasema hakuna kosa. Haitaoza, mimi sichongi kitu ya kuoza. Mama Anne ataibeba, na wataisimamisha pamoja pale kwa kivuko, kwa upande wenye Gentille alikuwa anautafuta.

Mama Anne, wafanyakazi wa chuo wanakushukuru. Wapishi wanakushukuru, walinzi, wenye kufagia, wenye kuchunga ngombe za chuo. Uliwauliza watu wenye hakuna mwenye aliwaulizaka. Wamama wa chemchem wanakushukuru, na walisema watapita tena kwa biro ya Recteur siku ya sherehe, juu ya kukusalimia tu. Watoto wa Itebero, mwezi wa nane, watabaki kwao, na hakuna jina itapigwa mustari. Wazazi wao watakuambia asante wao wenyewe, ukifika.

Kiti yako nimeipiga misumari mupya kwa mwenye atakufuata. Uende na amani, uzeeke kati ya wajukuu wako na maharagi yako. Lakini kwanza, Mama, ushike kamba kwa mikono mbili. Mungu wa baba yako akupitishe salama. Vuka muzuri.