Paka wa Waya na Ndege Wasioruka

Kazi yangu ni kulinda ndege wa kisiwa hiki, wale wa kahawia wasioruka, lakini kinachonizeesha si ndege, ni benchi la nje ya karakana ya mbao. Nyuma ya karakana, chini kabisa kwenye nyasi, kuna kiota, na sijui kingine kilichobaki. Mayai yameanza kupasuka. Jioni ile nilikwenda kuomba jambo moja tu: paka walale ndani mpaka vifaranga wakue. Nikawakuta bencheni Waya, fundi umeme mwenye jitu la paka. Mzee Randa, mwenye karakana. Na Shangazi, mwenye birika la kahawa.

— Kwanza tuelewane, akasema Waya nilipokwisha kuomba. Ndege gani haruki? Huyo ni kuku aliyekosa malezi.

— Mababu zake waliruka, nikasema. Walipofika hapa hawakukuta wa kuwawinda, na kuruka kunakula nguvu. Wenye mbawa ndogo wakaishi vizuri tu, wakazaa. Kizazi hadi kizazi, mbawa zikapungua.

— Kumbe uvivu wa ukoo! akasema Mzee Randa. Nina shemeji wa hivyo.

— Si uvivu, mzee wangu.

— Na shemeji naye atapungua miguu? akauliza Shangazi.

Nikajishika kichwa. Waya akapiga paja.

— Ehe, nimepata! Mbawa zilipotea kwa raha, si ndiyo? Basi zitarudi kwa shida. Paka wangu ni mwalimu wao. Ukimfungia, unawakatiza masomo!

— Waya, hayo yanachukua maelfu ya miaka!

— Kwa sababu hawana bidii. Tuongeze paka.

— Hapo umenena, akasema Mzee Randa. Na mbwa, kwa masomo ya ziada.

Wakagongeana mikono. Nilitamani kulia, kweli. Mkwe wa Mzee Randa, aliyeolewa kisiwani juzi juzi, alikuwa amekuja kumwita mzee akale. Alisimama kando akisikiliza.

— Samahani, baba. Hawa wa leo, mpaka hizo mbawa ziote, wakimbilie wapi?

Mzee Randa akachungulia kikombe chake. Shangazi akainamisha birika, halikutoa kitu. Waya akainuka, akaenda hadi kona ya karakana, upande wa kiota, akamwita paka wake. Nyasi hazikutikisika. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini.