Bi. Mahrokh Lakani na Pazia la Akina Monajem

Majirani na ndugu mliotoka kwenye mvua hii, asanteni. Wengine mmekuja kwa mapenzi, na wengine mmekuja kusikia kama tutalitaja lile jambo. Tutalitaja, ila litasubiri zamu yake.

Marehemu Bi. Mahrokh Lakani alizaliwa hapa Rasht tarehe 9 Novemba 1948, mtoto wa tatu wa Mirza Habib, fundi wa kutarizi kwa kulabu, ile sindano yenye ncha ya ndoano, na Bi. Kobra. Alisoma miaka minne tu shule ya msingi ya wasichana. Macho ya baba yake yalianza kuchanganya kijani na buluu, ndipo akatolewa darasani akae kando yake amchagulie nyuzi za hariri. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akitarizi ua zima la waridi juu ya kitambaa cha sufu bila kuchora.

Rahmat, mchambuzi wa majani ya chai sokoni, alikuja kumposa mwaka 1969. Wageni walipoondoka, marehemu alihesabu kulabu zake akakuta moja haipo. Alisema wazi kwamba mchumba ni mwizi. Kesho yake Rahmat alirudi, kulabu imenasa kwenye pindo la koti lake. "Bibi, mimi sikuiba," akasema. "Hii ndiyo iliyoniiba mimi." Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, wakapata watoto wawili. Rahmat alitangulia mbele ya haki mwaka 2006.

Kazi yake kwa miaka arobaini na sita ilikuwa kurekebisha hariri za kale, hasa mapazia na vitambaa vya maua vya zamani za bibi za bibi zetu. Alikuwa mtu wa kushuku. Hata kopo la chai alilifunga kwa uzi, fundo lake analijua mwenyewe. Mama yangu, binti yake, alimwuliza, "Mama, nani atakuibia chai?" Akajibu, "Ningemjua, nisingefunga."

Sasa lile jambo. Mwezi Aprili 2014 Bi. Aqdas Monajem alimletea pazia la kwao, lililokuja na bibi wa mama yake alipoolewa, lipate kuzibwa matundu ya nondo. Kila harusi na kila uzazi, akina Monajem walifukiza mbegu za kuondoa kijicho chini ya pazia hilo. Maua yote yalikuwa ya kahawia. Marehemu aliondoa bitana ya nyuma, akajaribu rangi moja moja kwa kitambaa cheupe, akalifua polepole kwa mizizi itoayo povu kama sabuni. Kahawia ikatoka. Waridi likawa waridi, maua ya irisi yakawa buluu, na sufu ikawa nyekundu kama komamanga. Akaziba matundu, akatia bitana mpya, akalirudisha baada ya wiki saba.

Bi. Aqdas alilitazama akasema, "Hili si letu."

"Ni lenu."

"Letu lilikuwa la kahawia, Mahrokh. Umelipeleka wapi?"

"Kahawia ilikuwa moshi wenu."

"Loo! Unatuibia, halafu unatuita wachafu!"

Marehemu akamwambia, "Fumua bitana, utazame mgongo wake. Kuna kitu utakijua mwenyewe."

"Nikifumua utasema nimeliharibu mimi." Akalikunja akaondoka nalo.

Tangu siku ile watu walifuata vitambaa vyao kabla havijakamilika, na waliobaki waliviwekea alama za kalamu pembeni. Humu nyumbani nako hatukuwa wasafi. Mjomba Siyavash alichungulia chini ya kitanda cha marehemu. Mimi nililipima sanduku lake kwa macho kila nilipofagia, nikijiuliza kama pazia linaweza kuenea mle. Alituona wote.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu. Alipojua haponi, watu walikuja kuomba radhi kama ilivyo desturi, naye aliwapa, hata jirani aliyemkatia mchungwa. Bi. Aqdas alipotuma mtu, jibu lilikuwa moja: "Akaligeuze kwanza."

Mama alimsihi, "Mpe tu, mama. Safari yako hii."

"Nikimpa hajaligeuza, watasema nimekiri."

Alifariki Jumatatu tarehe 6 Machi 2023, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Jana Jumanne, tukimsubiri mjomba mdogo atoke Ahvaz, Bi. Aqdas aliingia na pazia ndani ya shuka, na mkasi. Mjomba Siyavash akanong'ona, "Mkasi kwenye msiba? Huyu anataka nini?" Mama akamjibu, "Simama mlangoni. Asitoke kabla hatujaona."

Bi. Aqdas alikaa chini akafumua bitana mwenyewe, mbele ya wanawake kumi na wawili. Alipofika pembeni, nyuma ya irisi moja, mkono wake ulisimama. Palikuwa na kiraka kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimeshonwa kwa uzi mweusi wa pamba, kombokombo kama kuku amepita.

"Nilikuwa na miaka minane," akasema. "Kaa liliruka kutoka kwenye chetezo. Nikajifungia nikashona. Mama yangu amekufa hajui."

Mama akauliza, "Na mama yetu, asiyeacha hata uzi mmoja uliopinda, alikiacha kwa nini?"

"Aliona ni mkono wa mtoto."

"Miaka tisa, Bi. Aqdas!" Mjomba alisema kutoka mlangoni. "Kwa nini hukugeuza?"

"Mwanzoni niliogopa nisikikute, mwanangu. Baadaye nikaogopa kukikuta."

Marehemu ameacha watoto wawili na mwingine wa kulea, wa Ahvaz, wajukuu watano, na dada yake, Bi. Esmat.

Bi. Aqdas yuko hapa, safu ya pili. Sharti aliloliweka marehemu limetimia, na mama, kwa niaba ya mama yake, anampa radhi. Ninyi wengine mliosema, na sisi wa nyumbani tuliochungulia, hakutuachia sharti lolote. Tukimaliza kufukia, kila mmoja akainame pale aseme naye mwenyewe.

Mungu ampe mapumziko yenye amani.